Siku Nilipofunika Sombe

Nyie mabinti mnaopikia wachimbaji siku hizi mna raha. Nawaona mnapita hapa Nyarugusu, mtungi wa gesi umefungwa nyuma ya pikipiki, simu sikioni: "Eeh, sema bosi, wali maharage sita, duara la juu? Nakuja, nakuja." Mnanikuta nimekaa kibarazani, mnanipungia mkono. "Bibi, mambo!" Mambo kwa nani? Shikamoo imewashinda uzito?

Haya, marahaba hivyo hivyo.

Mimi nilipikia kwenye mafiga karibu miaka ishirini. Macho yangu haya mekundu ni moshi, si gongo, ingawa marehemu mume wangu alikuwa na mawazo yake. Shule sikuiona hata dirisha. Hapa mimi nasema, mwingine anaandika, na nimemwonya asininyooshee maneno, maana akimaliza atanisomea.

Kuna kitu mnaniuliza kila mkija kuota moto wangu. "Bibi jamani, mbona hufuniki sufuria ya majani? Kuni zinaisha bure!" Nikisema acheni wazi, mnakonyezana. Mnasema bibi kazeeka. Basi leo kaeni chini. Sifuniki kwa sababu mfuniko nusura uniulie wanaume watano.

Ila kwanza mjue mnampikia nani. Mchimbaji si mtu wa hapa. Hata mimi si wa hapa. Nimetoka Kishapu, kule Shinyanga, nikaja na beseni moja na mtoto mgongoni, huyo Shija mnayemwona na kitambi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalilia michembe. Mnaijua? Viazi vitamu vinakatwa vipande, vinakaushwa juani, halafu unavichemsha na karanga. Hapa viazi vipo, jua lipo, karanga zipo. Nikakausha mwenyewe, nikapika, nikala, tumbo likasema Kisukuma, "Yaya, hapana, hii siyo." Sasa kama mimi niliyetoka safari ya siku moja tu nilikuwa hivyo, mfikirie aliyevuka mpaka.

Saa nne asubuhi turubai langu linajaa makabila. Mhaya anaiangalia sahani ya ugali kama barua ya mahakamani. "Mama Shija, nyie watu kweli hamna ndizi? Hata moja?" Mgogo naye: "Mlenda, mama, mlenda tu, nyama wape hao." Mpare anauliza makande kwa sauti ndogo kama anaulizia mgonjwa. Mimi nawaiga mmoja mmoja, wanacheka, wanakula. Kupika mgodini ni nusu mwiko, nusu mdomo. Mtu akisikia sauti ya kwao, hata ya kuigizwa, ugali unashuka.

Na hili lishikeni hata kama mtasahau mengine: maharage hayapikwi asubuhi. Wanaume sita wanashuka shimo la mita sitini, upana wake kama mlango, hewa yenyewe wanapuliziwa kwa bomba. Mimi niliwapa maharage saa nne siku moja tu. Walipopanda juu hawakusalimiana wiki nzima, na hakuna aliyesema kwa nini.

Basi akaja Byamungu.

Alitokea Kongo, upande wa Bukavu. Wenzake walimwita Mkongo tu. Alikuwa fundi wa matimba, yaani yule anayepanga magogo kwenye kuta za shimo ili udongo usiwafunike watu. Fundi hasa. Anagonga gogo kwa kifundo cha kidole, anatega sikio kama daktari, halafu anasema taratibu, "Iyi iko muzuri." Au anasema, "Iyi itatuua." Akisema itatuua, hata mwenye duara, mwenye shimo lake, habishi. Kule chini neno lake lilikuwa la mwisho. Huku juu, kwenye sahani, hakuna aliyemsikiliza. Mimi nikiwa wa kwanza.

Mwezi wa kwanza alikula. Wa pili akaanza kubakiza. Wa tatu suruali akaifunga kwa kamba ya katani. Siku moja wanamshusha shimoni, akalegea kwenye kamba, akajipigiza ukutani. Mwenye duara akaja kwangu mwenyewe. Mzee Masanja huyo, tumbo mbele, sauti ya kukwaruza kama debe linaburutwa, na kila akitaka kusema lazima akohoe kwanza. "Khoo! Mama Shija. Nasema mara moja, sirudii. Huyu Mkongo akidondoka, matimba yangu atayasoma nani? Watu wangu wote watafukiwa. Mpe anachotaka kula."

Nikamwita. "Byamungu, ng'wanawane, mwanangu, kwani unataka nini?"

Akainama kama anaomba kitu cha aibu. "Mama, mi minataka sombe."

"Sombe ndiyo nini?"

"Majani ya muhogo, mama."

"Kisamvu!" nikapiga kofi. "Mwanaume mzima unakonda kwa ajili ya kisamvu?"

"Hapana, mama. Kisamvu ni ya hapa. Sombe ni ya kwetu." Akafumba macho, nawaambia, akafumba kabisa. "Tunapondaka sana, mama. Sana, mpaka mukono inauma. Tunaweka kwa moto, hatufunikake. Inatokota, inatokota, mpaka mutu anasahau kama iko kwa moto. Njo tunaweka mawese. Na bugali. Na sambaza, ile kasamaki kadogo ya ziwa yetu. Mama yangu anapondaka huku anaimba."

Alipofumbua macho alikuta namcheka. Mimi nifundishwe kupika majani? Na mtoto wa kiume? Niliyelisha maduara matatu kwa sufuria moja?

Ilikuwa kiangazi, majani ya mboga yamekauka kila mahali. Mawese nilipata kwa mama mmoja wa Kigoma gulioni. Majani ya muhogo nikayaona nyuma ya nyumba ya jirani yangu, Mama Kulwa, shamba zima, kijani utadhani limeoga. Mwenyewe alikuwa amekwenda Ushirombo kwa dada yake. Nikasema, nitachuma, akirudi nitamwambia. Hapo ndipo kosa la kwanza. Ningemsubiri nikamuuliza, hii habari isingekuwepo.

Kosa la pili, kinu. Asubuhi ile maduara mengine yanadai uji, huyu anagonga kikombe, yule anapiga mluzi. Nikayatwanga majani mara chache tu, mengine yakabaki na umbo lake. La tatu, nikatia magadi yalainike upesi. La nne, nikafunika, na juu ya mfuniko nikaweka jiwe.

Nilipoonja, ulimi ukaruka. Chungu! Si uchungu wa mnafu, huo tumeuzoea. Huu ulikaa nyuma ya koo ukakataa kuondoka. Nikasimama na mwiko wangu. Nikajiambia, labda ndivyo wanavyoipenda kwao.

Hapo, mabinti. Hapo ndipo pa kushika. Ingekuwa michembe, ulimi wangu ungepiga yowe. Ingekuwa dagaa, ningemwaga nianze upya. Chakula cha kwenu kikiharibika, unajua kabla hata hujaonja. Cha mwenzako huna habari, unaona kila kitu ni desturi. Nikaongeza karanga za kusaga, nikaongeza mawese, uchungu ukajificha, nikapakua.

Walikuwa sita. Byamungu na wenzake watano. Wote walijua ni siku ya Mkongo, wakamwachia akae katikati kama bwana harusi. Akanawa. Akamega ugali, akachovya, akatia mdomoni. Mimi nimesimama nasubiri machozi ya furaha.

Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akaniangalia.

"Mama," akasema polepole, "iyi haiyaiva."

Hata wa uji waliacha kugonga vikombe. Nimeamka alfajiri, nimechuma, nimenunua mawese ya watu wa Kigoma, mbele ya turubai zima mtu ananiambia haijaiva.

Nikafanya nini? Nikamwiga. Nikaweka mkono kiunoni, nikapinda mdomo, nikatoa sauti yake ileile, na huzuni yake yote ndani: "Mamaaa, iyi haiyaivaaa. Mama yangu anapondaka huku anaimbaaa."

Turubai likavunjika mbavu. Kuna mwanaume tulimwita Ngosha, Msukuma mwenzangu, jitu la miraba minne, huyo alicheka mpaka akapaliwa. Byamungu naye akacheka kidogo, kile kicheko cha kuomba yaishe. Akajaribu tena, "Mama, kweli, inapaswa..." Nikamkata. "Kula au mwachie mwenzako!" Akanawa mkono, akanywa maji, akatoka nje. Ngosha akavuta sahani yake. "Mkongo anaringa. Lete hapa." Akala yake, akala na ya Byamungu, akalamba na kidole.

Wakaenda duarani wote sita. Watano wameshiba, mmoja ana njaa.

Haikupita saa moja na nusu, nasikia yowe nyuma ya nyumba. Mama Kulwa karudi. Na Mama Kulwa akilia, z zote zinakimbia: "Mbuji wangu! Jamani, mbuji wangu anakufa!"

Nikatoka. Mbuzi jike, mweupe, amelala ubavu, miguu inapiga hewa, povu linamtoka. Pembeni yake mabaki niliyotupa asubuhi, vijiti na majani ya chini niliyoona magumu. Kayala yote.

"Nani kachuma muhogo wangu?" Mama Kulwa anauliza, macho yanatembea. "Nani kamtupia mbuji majani haya?"

"Ni mimi, mayu. Nimechuma ya mboga kidogo..."

"Mboga?" Akashika kichwa. "Mama Shija, huo ni muhogo wa udaga! Mchungu! Mijiji yake naloweka siku nne ndipo mtu ale. Umempa nani?"

Kwetu Kishapu sisi ni watu wa mtama na viazi, mimi muhogo mtamu na mchungu siwezi kuutambua kwa jani. Wazaliwa wa huku wanatambua wakiwa bado wanabebwa. Yule mbuzi akapiga teke moja, akatulia. Mimi nikawa tayari nakimbia.

Kutoka turubaini mpaka duarani ni kilima kimoja. Nilikipanda na aproni yangu, sandozi moja ikabaki njiani. Kichwani kitu kimoja tu: mtu akipata kizunguzungu sahani iko mbele yake, anaanguka kwenye mkeka. Akipata kizunguzungu yuko kwenye kamba mita sitini, anaanguka wapi?

Juu ya duara alikuwepo Marwa, mshika winchi. Kijana wa Tarime, sauti yake hata akikusalimia unaona kama anakukamata. Mwenzake wa kuzungusha naye alikuwa ameteremka kilima kuchota maji. Marwa kuniona tu, akanyoosha mkono.

"Wewe mama! Simama hapo hapo! Hapa siyo jikoni. Mwanamke akifika duarani dhahabu inahama, unajua ama hujui?"

Nilijua. Kulikuwa na kamba imezungushwa hatua kumi kutoka mdomo wa shimo, na miaka yote ile sikuwahi kuivuka. Chakula nilikuwa naweka chini, wanakuja kuchukua.

"Marwa, wapandishe. Nimewalisha sumu."

"Sumu gani?"

"Majani. Mbuzi amekufa. Wapandishe, baba, nakuomba!"

"Unasikia hizo?" Akaonyesha chini. Ngo, ngo, ngo, nyundo zinapiga mwamba. "Mtu wa sumu anapiga nyundo namna hiyo? Mzee ameenda Katoro, amesema akirudi akute viroba ishirini juu. Nikimpandisha mtu kwa maneno ya mwanamke, leo leo kazi sina. Rudi nyuma!"

Nikaita mwenyewe, "Ngosha! Byamungu! Pandeni!" Sauti yangu ikafika huko ikawa kitu cha kuchekesha. Nikasikia wanacheka chini, na mmoja anajibu, "Tumeshiba, mama! Kesho tena!"

Nikatega sikio. Nyundo zilikuwa tano, maana Byamungu yeye ni wa magogo, hapigi mwamba. Nilizihesabu kama mtu anavyohesabu watoto wake gizani. Ngo, ngo, ngo, ngo, ngo. Kisha zikawa nne.

Mabinti, nilikuwa nimeigiza watu maisha yangu yote kwa kuchekesha. Asubuhi ileile nilikuwa nimemfunga mtu mdomo kwa kumwigiza. Pale nikarudi nyuma ya rundo la viroba vya mawe ambapo Marwa hanioni. Nikashika tumbo langu kama ni lile tumbo la Mzee Masanja. Nikavuta kohozi kutoka unyayoni.

"Khoo! Nasema mara moja, sirudii! Watu wote juu! Sasa hivi! Acheni nyundo!"

Marwa akaruka kama kaguswa na umeme. "Mzee, shikamoo! Mzee, nilikuwa namwambia huyu mama..." anageuka huku na huku, anamtafuta.

Chini, nyundo zikanyamaza zote. Kisha sauti ya Byamungu ikapanda, nyembamba, inatoka mbali sana: "Ndiyo, Mzee! Mzee, Ngosha hasimami! Anatapika!"

Nikatoka nyuma ya viroba. Marwa akanitazama mimi, akatazama njia ya Katoro haina mtu, akanitazama tena. Nikaona amejua. Nikaona pia amesikia alichosema Byamungu.

"Zungusha," nikamwambia, kwa sauti yangu mwenyewe.

Winchi ile ni ya watu wawili, mpini huku na mpini huku. Nikaivuka ile kamba. Hakusema dhahabu, hakusema kazi. Nikashika mpini, tukazungusha.

Wa kwanza akatoka rangi ya majivu, akatambaa hatua mbili, akamwaga yote mbele ya miguu yangu, nikaona kijani changu. Wa pili akasema anaona mbili mbili. Wa tatu na wa nne wakatoka wanatetemeka, mmoja analia anamtaja mama yake. Kila kamba ikirudi chini tupu, mikono yangu ilikuwa inasema basi, nami naiambia bado.

Tukasubiri kamba itikiswe. Haikutikiswa.

"Byamungu!" Marwa akaita. "Mfunge uje!"

Tukasikia kishindo kidogo, udongo unamwagika. Marwa akaanza kuomba Mungu kwa Kikurya. Mimi nilikuwa nafikiria yule kijana hana kitu tumboni tangu jana, amekonda kama mpini wa jembe, na Ngosha uzito wake mnaujua. Ananyanyuliwaje?

Kamba ikatikiswa mara tatu.

Tulizungusha mpaka viganja vyangu vikachanika. Kichwa cha Ngosha kikatokeza kimelala begani, macho yamegeuka. Alikuwa amefungwa kwa shati la Byamungu, kwa mkanda wa Ngosha mwenyewe, na kwa ile kamba ya katani ya suruali, vifundo kama vya magogo ya matimba, safi, haviwezi kuteleza. Tukamlaza. Anapumua. Marwa akampigia kelele mwenye pikipiki.

Wa mwisho akapanda Byamungu mwenyewe, kifua wazi, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine umeshika suruali isidondoke. Ingekuwa siku nyingine ningemwigiza.

Kituo cha afya, muuguzi akauliza kwa ile sauti yao ya puani, "Hawa wamekula nini, na nani amewapa?" Watu wakatazama chini, wananihurumia. Nikasema, "Majani ya muhogo mchungu, hayajaiva. Nimewapa mimi." Ni maneno mafupi, lakini kuyatoa ni kama kupandisha kiroba cha mawe. Ila nasikia ndiyo yaliyosaidia, maana daktari alijua mara moja cha kufanya. Wanne wakarudi siku ile ile. Ngosha akalazwa siku tatu, na siku ya tatu akauliza kama sombe imebaki. Mbuzi wa Mama Kulwa nilimlipa mbuzi mwenye mimba, na bado mpaka leo ananiambia yule wa kwanza alikuwa mzuri zaidi.

Mzee Masanja akarudi toka Katoro. "Khoo! Nasema mara moja, sirudii. Nani aliwapandisha watu wangu kabla ya viroba ishirini?"

Marwa akakuna kichwa. "Ni wewe, Mzee."

"Mimi nilikuwa Katoro!"

"Ni wewe, Mzee. Tumekusikia wote."

Akanitazama. Nikatazama mawingu. Na mkitaka kujua kuhusu ile dhahabu, haikuhama. Ilikuwa haipo tangu mwanzo. Miezi miwili mbele walihamia duara jingine.

Kesho yake, baada ya ile siku ya sumu, nilimfuata Byamungu kwenye kijumba chake cha mabati. Nilimkuta anachonga gogo. Nikakaa chini, si kwenye kigoda, chini.

"Ulisema haijaiva."

"Nilisema, mama."

"Mbona hukupiga kelele? Mbona hukumwaga ile sufuria?"

Akaendelea kuchonga. "Mi mugeni, mama. Mugeni akisema chakula iko mubaya, banasema anadharau. Na wewe ulikuwa umeamuka mapema kwa sababu yangu." Akapuliza vumbi la mti. "Nilijua itaumiza tumbo tu. Ya mbuzi sikujua. Kama ningejua ningepiga kelele."

Nilitaka kumwambia pole. Nikasema, "Mama yako ana simu?"

Jumapili, watu hawashuki, tukapika. Majani safari hii nilikwenda kuyaomba kwa Mama Kulwa mwenyewe, akanionyesha muhogo mtamu ulipo, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza kuchuma. Simu ya Byamungu tukaitundika kwenye nguzo ya turubai, sauti imefunguliwa yote, na ndani yake mama wa Bukavu ananipangia kazi kama mimi ndiye nimeanza jana. Sauti nene, ya mtu aliyezoea kuita watoto ng'ambo ya bonde.

"Mama wa Tanzania! Unaponda?"

"Natwanga, dada."

"Sisikie kinu. Ponda nisikie!"

Nikatwanga asikie. Nikatwanga mpaka viganja vyenye vidonda vikafunguka tena. Nikauliza, tayari? "Bado, ponda!" Nikatwanga mpaka jani halijui tena kama liliwahi kuwa jani. Nikaweka motoni. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mfuniko, mnajua mazoea, na simu ikapiga kelele kama inaniona: "Usifunike! Wacha ile mubaya yake ipande iende!"

Sikufunika. Mvuke ukapanda, ukaenda. Wanaume wote watano walikuwa wamekaa pembeni, hakuna anayetania. Ngosha alikuwa na kipande cha ugali mkononi, lakini hakisogezi popote.

Nikapakua kidogo, nikampa Byamungu aonje. Turubai zima linatazama mdomo wa mtu mmoja.

"Bado," akasema.

Sikumwiga. Nikarudisha motoni.

Nikaongeza maji, nikaongeza kuni. Jua likahama kutoka upande huu wa turubai mpaka ule. Nikampa tena.

"Bado, mama."

Nikarudisha. Miaka yote ile ya mwiko, na kijana ananiambia bado mara mbili mbele ya watu, na mimi nachochea moto. Mawese yakaingia. Harufu ikabadilika, sikuijua harufu ile, nikaacha kujifanya naijua. Mara ya tatu nikampa, na dagaa pembeni kwa sababu sambaza za ziwa lao hatuna, na ugali.

Akamega. Akachovya. Akatia mdomoni.

Nikamwangalia macho, nikamwangalia koo. Hakusema bado. Hakusema imeiva. Akamega tena, kipande kikubwa zaidi. Akainamisha uso kwenye sahani.

Simu ikakohoa juu ya nguzo. "Mama wa Tanzania! Mbona kimya? Mutoto wangu anasema nini?"

"Hasemi kitu, dada," nikamwambia. "Mdomo umejaa."